Namba za wahudhuriaji: uliza kwanza wamehesabu nini

Mkuu umeuliza kama kweli lile kongamano lilijaza watu 10,000 maana wewe ulikuwepo na viti vilikuwa vinapiga miayo. Mi nimewahi kukaa mezani pa kugawa beji kwenye mkutano mmoja wa wadau (jina naliacha) na nakwambia beji zilibaki maboksi mawili, lakini kesho yake taarifa kwa waandishi ikahesabu wote waliojaza fomu mtandaoni, na fomu yenyewe ni bure so mtu anajaza akiwa kitandani halafu haji.

Mchezo mwingine ni kuhesabu kuingia badala ya vichwa, yaani ukija siku tatu wewe peke yako unakuwa watu watatu, ongeza wahudumu wa mabanda, mapresenta, na aliyefungua linki ya laivu dakika moja naye yumo 😂

Sio wote waongo lakini. CES, yale maonyesho makubwa ya teknolojia ya Las Vegas, wanaita wakaguzi wa nje, 2020 walikuwa zaidi ya 170,000, na 2022 korona ilipowabana wakasema wazi zaidi ya 40,000 tu, ila hata hiyo ina watu wa mabanda na waandishi ndani yake.

Kama unataka kulipia banda mwakani waombe waandaaji ripoti ya ukaguzi inayotenganisha wageni na wenye mabanda. Pia angalia ukumbi, ule mkubwa wa JNICC (kituo cha mikutano cha Julius Nyerere) hapo Dar unabeba kama 1,000, sasa hao 10,000 walikalia nini?