Barua kwa Mwanangu: Umeuliza Saa, Nakujibu Ufunguo

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Unasema kijana amemaliza mwaka wa kwanza chuoni, anarudi wiki ijayo kwa likizo ndefu, na wewe na mwenzako hamjaafikiana. Yeye anasema mtu mzima hapangiwi saa, wewe unasema nyumba si hosteli. Ukamalizia: "Baba, nawe yalikupata haya kwangu. Nimwambie awe ndani saa ngapi?"

Nitakujibu. Ila kila nikitaka kuandika habari ya saa, mkono unanipeleka kwenye ufunguo, basi niache nianze huko.

Likizo yako ya kwanza unaikumbuka. Kila tukikutana wote mezani mdogo wako hukuomba usimulie ile hadithi ya "Baba na usingizi wa gogo", na nyote mnacheka mpaka machozi yanawatoka. Nami huwa nacheka nanyi. Leo kuna jambo nataka nikuambie kuhusu hadithi hiyo, lakini twende polepole.

Kile kitasa cha mlango wa mbele kilikuwa kinakwama tangu ukiwa shule ya msingi. Lazima uuvute mlango kwako, uunyanyue kidogo, ndipo ufunguo uzunguke. Wewe uliijua kazi hiyo kuliko sote, ulikuwa unaifanya kwa mkono mmoja huku umebeba vitabu. Ulipokwenda chuo, mama yako (Mungu amrehemu) akasema amechoka kupigana na mlango. Nikamwita fundi akafunga kipya. Kilikuja na funguo tatu. Mmoja nikauchukua mimi, mmoja mama yako, wa tatu tukampa jirani, ili siku tukisahau zetu tusilale nje. Kugawa kule hakukuchukua hata dakika mbili. Hakuna aliyesema, "Na wa binti?"

Usidhani tulikuwa tumekusahau. Mama yako hakuna siku aliyokosa kukutaja. Tulikuwa tunakuhesabu kama mtu aliyesafiri, na aliyesafiri hana haja ya kufungua mlango.

Ukarudi siku moja kabla ya ile uliyotuambia, ulitaka kutushtukiza. Sote tulikuwa kazini. Jirani ndiye aliyenisimulia baadaye. Alikuona umeshusha begi, ukafungua zipu ya ndani kabisa ukatoa ufunguo. Ukauingiza, ukavuta mlango kwako, ukaunyanyua kidogo. Haukuzunguka. Ukautoa, ukaupangusa kwenye sketi, ukajaribu tena. Kisha ukakaa juu ya begi, ufunguo umeushika mkononi. Ndipo jirani akatoka na ule wa tatu, akakufungulia mlango wa kwenu.

Nilipoingia jioni nilikuta vyombo vyote vimeoshwa. Ufunguo wako ulikuwa mezani peke yake, na ule uzi mwekundu aliokufungia mama yako siku ya kuondoka. Ukasema, "Baba, huu haufungui tena." Nikajibu, "Aa, tulibadilisha kitasa," kisha nikakuuliza matokeo yanatoka lini.

Hapo ndipo panaponiuma. Fundi wa kuchonga funguo alikuwa njiani kwangu, nampita kila siku nikienda na nikirudi kazini. Nikasema kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine, mpaka likizo ikaisha. Lakini sheria nilikupa usiku uleule wa pili, sikungoja kesho: saa 4 usiku uwe ndani. Ndiyo maana nimekuwa nikisema miaka yote hii, na nitasema tena: mtoto anayerudi apewe ufunguo kabla hajapewa sheria. Mdogo wako alipokwenda chuo nilifanya hivyo. Mlifikiri nimelegea kwa sababu yeye ni kitinda mimba.

Na niseme ukweli wote, maana nimefika umri wa kuusema. Haikuwa kuahirisha tu. Kidogo nilipenda uwe huna ufunguo. Asiye na ufunguo hubisha hodi, na mwenye kufungua huiona saa.

Uliponiuliza kwa nini saa 4, nikakupiga ile methali ya asiyesikia la mkuu. Nawe ukajibu kwa sauti ya chini kabisa, "Baba, guu ni langu." Mama yako akainamia sahani yake asicheke. Nilikasirika sana siku ile. Sasa nikiikumbuka sentensi ile nafurahi mpaka naisema peke yangu. Guu ni langu! Mwaka mmoja tu kabla yake ungenyamaza na kwenda kulia chumbani.

Sasa usiku ule. Hadithi mnavyoijua ni kwamba ulirudi saa 8 usiku, ukabisha na kubisha, baba akakoroma, mpaka mama akaamka na kufungua, na asubuhi baba akauliza, "Kwani mlirudi saa ngapi?" Mwanangu, nilikuwa macho. Nilikuwa macho tangu saa 4 ilipopita. Nilikusikia unabisha mara tatu, ukanyamaza, ukabisha mara tatu tena, kwa vidole tu, ili usiwaamshe majirani. Nikalala chali nikitazama dari. Nikasema moyoni, leo ajifunze. Mama yako alipoinuka nilifumba macho. Nadhani naye alijua, kwa sababu wiki nzima hakuniuliza kama nimelala vizuri.

Wiki chache baadaye ndipo tukajua ulikuwa umetoka wapi, na habari ya lile somo, na kwamba ulikuwa unajisomea kwa rafiki yako kwa ajili ya mtihani wa marudio ili sisi tusione vitabu. Hayo umeshayamaliza, wala siyafukui. Nataka tu ujue kwamba usiku ule nyuma ya mlango kulikuwa na mtu macho. Nisamehe. Ningeweza kusema hili mbele ya meza, lakini mdogo wako angecheka, na hili si la kuchekwa.

Najua utasema, "Sawa baba, lakini mimi nimeuliza saa." Na kweli kuna upande wako. Mtu anayeamka alfajiri kwenda kazini ana haki ya kulala. Nyumba ina wengine. Mlango usiofungwa ni hatari kwa wote, siyo kwa anayechelewa peke yake. Mume wako anaposema mtu mzima hapangiwi saa, mwulize kama yeye mwenyewe anaweza kuchelewa mpaka saa 8 bila kukuambia. Hawezi. Watu wazima wanaoishi pamoja huagana. Kwa hiyo nakubaliana nawe.

Halafu tena sikubaliani nawe. Miezi yote uliyokuwa chuoni ulirudi bwenini saa uliyotaka, na mimi nililala fofofo. Hatari za usiku zilikuwa zilezile, labda zaidi. Wasiwasi wangu uliamka siku kitanda chako kilipokuwa na mtu tena upande wa pili wa ukuta. Basi ile saa 4 ilikuwa ya nani? Nilikuwa nakulinda wewe, au nilikuwa nautuliza moyo wangu? Nimejiuliza hivyo mara nyingi. Kuna siku najibu hivi, kuna siku najibu vile.

Na ile vita nyingine, ya asubuhi, hiyo niliikosea kabisa na sina cha kujitetea. Saa 1 nilikuwa nagonga mlango wako kama askari. Nilikuita mvivu mbele ya shangazi yako. Mdogo wako, mwenye kupenda mambo ya sayansi, ndiye aliyenisomea kwamba kuanzia balehe mwili huchelewa kutoa melatonini, ile homoni inayouambia ubongo kwamba ni usiku, ndiyo maana kijana halali mapema hata akizimiwa taa. Mwaka 2004 mtafiti wa Munich, Till Roenneberg, na wenzake walionyesha kwamba mtu huzidi kuchelewa kulala na kuamka mpaka akikaribia miaka 20, kama 19 na nusu kwa wanawake na karibu 21 kwa wanaume, ndipo saa ya mwili inaanza kurudi nyuma. Wakapendekeza kwamba kugeuka huko ndiko mwisho wa ujana kibayolojia. Yaani nilikuwa nakugongea mlango kwenye kilele chenyewe. Utafiti huo ulichelewa kwangu, ila kwako umewahi. Mjukuu wangu akilala mpaka saa 5 asubuhi siku za mwanzo, mwache alale. Ametoka kwenye mitihani. Akiamka ana vyombo vya kuosha na nguo za kufua, hapo usimwonee huruma hata kidogo.

Tena jiandae kwa jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Siku moja, katikati ya maneno mengine, atasema "nikirudi nyumbani" na atakuwa na maana ya hosteli. Wewe ulisema siku ya nne, ukiwa unakunja shuka. Nilihisi kama nimepigwa ngumi ya kifua. Hukutambua hata kidogo umesema nini. Usimsahihishe. Mama yako aliniambia usiku ule, "Ana nyumbani mbili sasa, shida iko wapi?" nami nikageukia ukutani. Alikuwa na haki, kama kawaida yake.

Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Jeffrey Arnett, aliandika mwaka 2000 kwamba kati ya miaka 18 na 25 kuna kipindi chenye umbo lake, si ujana na si utu uzima kamili, na kwamba vijana wenyewe wakiulizwa kama wamekuwa watu wazima, wengi hujibu kwa mambo fulani ndiyo, kwa mengine hapana. Nilipolisikia hilo nilikumbuka jinsi ulivyonigombeza kwa kukufungulia barua, na kesho yake ukaniletea fomu uliyoshindwa kuijaza. Nilikuona kigeugeu. Kumbe zote mbili zilikuwa kweli. Kwa hiyo akikutaka ushauri asubuhi na kukufungia mlango wa chumba jioni, usidhani anakuchezea.

Naona nimezunguka sana. Haya, saa.

Ulimi unaniwasha. Nina saa kamili kichwani, naiona kabisa, na nikiiandika hapa najua utamsomea mwenzako kesho asubuhi: "Baba amesema." Ndiyo maana siiandiki. Nyumba ni yenu, na nyinyi wawili mnapaswa kukubaliana kabla kijana hajateremsha begi. Msiyaanze maneno hayo mlangoni usiku wa manane, mmoja ana usingizi na mwenzake ana viatu mkononi. Sisi tulifanya hivyo, hakuna lililosikika. Kaeni naye mchana, aseme yeye kwanza anaona nini ni haki. Unaweza kushangaa. Wewe siku ya mwisho ya likizo uliniambia kwamba kama ningekuuliza, ungesema saa 5, na siku ukichelewa ungepitisha ujumbe kwa jirani. Saa 5! Tofauti ya saa moja, na tumegombana likizo nzima. Wakati ule hakukuwa na simu mfukoni. Yeye anayo. Kuandika "nachelewa, niko salama" ni kazi ya sekunde kumi, na hilo ningelidai bila kupepesa macho. Hilo tu ndilo ninalolitamka waziwazi. Lile la saa, ah, mwanangu, niache. Nikikaa zaidi na kalamu hii nitaisema.

Ule ufunguo wako wa zamani ninao. Uko kwenye droo ya kitanda upande wa mama yako, uzi umefifia umekuwa kama waridi. Ulipokuja mara ya mwisho ulifungua droo ile kutafuta miwani yangu, nikakuona umesimama kidogo, ukafunga. Hukuuliza nami sikusema.

Jambo moja nililotaka kukuuliza tangu niliposoma ujumbe wako. Mwezi wa pili nilipokuwa kwenu, fundi alikuja kubadilisha kitasa cha mlango wa mbele. Nilikuwa nimekaa sebuleni, nikaona mnagawana funguo. Wewe ulitia wako kwenye mkoba, mume wako akatia wake mfukoni, na kuna mmoja mlimpa binti anayekuja kufanya usafi. Zilikuwa ngapi zile, mwanangu? Na leo zimebaki ngapi pale kwenye ndoano?

Nitapiga simu Jumapili.

Wako akupendaye,
Baba