Madoa meupe kwa kinyonga mchanga: usimbandue

Dada, umeuliza kuhusu kinyonga wako wa Yemen wa miezi 3 mwenye mabaka meupe yanayoning'inia na doa jeusi kichwani, na umeshauriwa umpake mafuta ya nazi. Hayo mabaka meupe si ugonjwa. Anajivua gamba. Anakua haraka, kwa hiyo atafanya hivyo mara kwa mara. Tofauti na nyoka, ngozi yake hutoka vipandevipande.

Hayo mafuta ya nazi uliyoshauriwa umpake, acha. Na usimbandue kwa vidole. Chini kuna ngozi laini bado, utamchubua. Nyunyizia majani ya kizimba maji asubuhi na jioni, kisha kiache kikauke kabla ya kunyunyizia tena. Atakunywa matone yale yale, maana bakuli la maji wengi wao hata hawalitambui. Macho yakibonyea, au ule mkojo wake mgumu ukiwa wa rangi ya chungwa badala ya nyeupe, ana kiu.

Kagua vidole na ncha ya mkia. Gamba likibaki pale hukaza kama uzi, damu isipite.

Kinachonitia wasiwasi ni hilo doa jeusi kichwani. Taa yako ya joto iko karibu mno? Vinyonga huungua bila kusogea. Mahali anapoota joto pasizidi nyuzi 29 hivi kwa umri huo, na taa iwe nje ya wavu. Doa hilo likianza kutoa majimaji, kuvimba au kusambaa, huenda ni maambukizi au fangasi: mpeleke kwa daktari wa mifugo, usimpake dawa za binadamu.