Mashine ya Mkononi Sasa au Konsoli Ijayo? Anza na Gemu Unayoicheza

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wasomaji walioko Dar es Salaam, Mombasa na hata Muscat ni moja: je, mtu anunue mashine ya gemu ya mkononi sasa hivi, au avumilie mpaka konsoli mpya za nyumbani zitakapotoka? Anayeuliza huwa amekwisha kusoma ukubwa wa RAM, idadi ya pikseli na kasi ya prosesa, na anachotaka kwangu ni hukumu kuhusu ipi yenye nguvu zaidi. Mimi humrudisha nyuma kidogo. Humwuliza ni gemu gani anayoicheza kila wiki, anaicheza na nani, na pale anapoishi umeme na intaneti vikoje. Majibu ya maswali hayo huchuja mashine nyingi kabla hatujafika kwenye bei.

Nguvu peke yake haijawahi kuamua ushindani huu. Mwishoni mwa 2004 Nintendo na Sony zilitoa mashine za mkononi zikipishana kwa wiki chache tu: Nintendo DS ilianza kuuzwa Marekani tarehe 21 Novemba, na PSP ya Sony ikaingia sokoni Japani tarehe 12 Desemba. PSP ilikuwa na kioo kipana cha inchi 4.3, ilicheza muziki na filamu, na picha zake zilikaribia zile za PlayStation 2. DS ilikuwa na vioo viwili vidogo, cha chini kikiwa cha kugusa, na picha zake zilionekana za kizamani hata siku ileile ilipotoka. Huko Marekani PSP ilianza kwa dola 249.99 na DS kwa dola 149.99. Nilikuwa na PSP, niliipenda mno, na mpaka leo nakihesabu kuwa miongoni mwa vifaa vilivyobuniwa kwa ustadi mkubwa. Lakini ilidai chaja baada ya saa nne hadi sita za kucheza, na diski zake za UMD zilikusubirisha kila ulipofungua gemu. Mwisho wa hesabu DS iliuza zaidi ya milioni 154 duniani, na PSP takriban milioni 80. Mtaani kwetu mambo yalikuwa kinyume, PSP ndiyo iliyotawala, kwa sababu fundi aliweza kukujazia gemu kwenye memori kadi kwa pesa kidogo. Hata sababu hiyo, ukiitazama vizuri, haikuhusu nguvu ya prosesa.

Sasa tuje kwenye mpira, kwa kuwa wengi wanaoniuliza, hata wasipotamka, wanataka mashine ya kuchezea mpira. Steam Deck, mashine ya mkononi ya kampuni ya Valve, ni nzuri sana, na nitaisifu hapa chini, lakini haifungui gemu za mpira za EA Sports FC za miaka ya karibuni. Deck hutumia SteamOS, mfumo uliojengwa juu ya Linux, ilhali FC ya kompyuta huja na programu ya kuzuia udanganyifu inayokubali Windows peke yake. Fortnite na Call of Duty za sasa zina tatizo lilelile. Unaweza kuweka Windows kwenye Deck, nami nimewahi kumsaidia rafiki kufanya hivyo. Mpira ulicheza, ila alipoteza karibu kila kitu kinachoifanya Deck kuwa Deck, kuanzia wepesi wa menyu hadi uwezo wa kuilaza katikati ya mchezo na kuiamsha kesho yake ikiwa palepale.

Kwa hiyo kama jioni zako ni za FC na marafiki sebuleni, sioni sababu ya kukupeleka kwenye mashine ya mkononi hata kidogo. PS4 (PlayStation 4 ya Sony) iliyotumika, yenye pedi mbili nzima, bado inakutosha, kwani FC 26 iliyotoka Septemba 2025 ilitolewa pia kwa PS4. Mwenye uwezo zaidi achukue PS5, na ningemsihi achague yenye sehemu ya kuingizia diski. Wauzaji wa gemu wengi hapa kwetu hukubali ubadilishe CD uliyomaliza kwa kuongeza kiasi kidogo, na hiyo ndiyo njia iliyonipunguzia gharama kuliko punguzo lolote la mtandaoni. Anayenunua toleo la kidijitali pekee anajifungia mlango huo siku ya kwanza.

Deck inamfaa mtu wa aina nyingine: anayesafiri, anayecheza peke yake, anayependa gemu nyingi tofauti, na ambaye pengine ana akaunti ya Steam, duka la Valve la gemu za kompyuta mtandaoni, tangu enzi za kompyuta yake ya chuo. Ninayotumia ni ile ya OLED (aina ya kioo chenye rangi kolevu) iliyotoka Novemba 2023, yenye kioo cha inchi 7.4 na uzito wa gramu 640. Valve husema betri yake hudumu kati ya saa 3 na 12, na upana huo wa makadirio si ujanja wa biashara. Gemu nyepesi kama Stardew Valley hunivusha safari nzima ya basi kutoka Dar hadi Dodoma, na Cyberpunk 2077 huimaliza betri mapema kabisa njiani. Inachaji kwa USB-C, hivyo pawa benki yenye nguvu ya kutosha huiongezea uhai, na umeme ukikatika nyumbani mchezo hausimami. Mwenye konsoli ya kawaida anaijua hofu ya kukatikiwa umeme wakati mashine inaandika data. Mwenye mashine ya mkononi ameisahau.

Kuna uwezo mmoja wa Steam ambao wauzaji hawautaji, nao kwa mtu anayenunua bando una thamani kuliko kioo cha OLED. Tangu 2023, gemu ambayo tayari imo kwenye kompyuta moja inaweza kuhamishiwa kwenye mashine nyingine kupitia Wi-Fi ya nyumbani, bila kuipakua tena kutoka intaneti. Si lazima hata kompyuta iwe yako. Mkiwa marafiki kwenye Steam na nyote mmenunua gemu hiyo, mwenye intaneti nzuri anapakua, nawe unakwenda kwake na Deck yako. Gemu kubwa za leo hufika GB 100 na kuzidi. Piga hesabu ya bando lako kwa kiasi hicho kisha uamue.

Mashine za mkononi za Windows, kama ROG Ally ya ASUS na Legion Go ya Lenovo, zinacheza FC, zinacheza Fortnite, na kwa vipimo zinaipita Deck. Oktoba 2025 ASUS na Microsoft zilitoa ROG Xbox Ally kwa dola 599.99 na Ally X kwa dola 999.99. Nimezishika na kuzicheza kwa muda wa kutosha kuwa na maoni, nayo ni kwamba vyuma vyake ni vizuri kuliko programu zake. Windows haikuumbwa kwa kioo cha inchi 7: apdeti huja wakati usiofaa, maandishi huwa madogo, na mashine uliyoilaza ndani ya begi unaweza kuikuta imeamka na imepasha begi zima. Microsoft wameweka sura mpya inayofungua Xbox moja kwa moja bila kupitia dawati la Windows, na imesaidia. Hata hivyo dola 999.99 kwa mashine ambayo ndugu yangu angenipigia simu kila wiki niirekebishe, hapana.

Nintendo Switch 2, iliyotoka tarehe 5 Juni 2025 kwa dola 449.99, ndiyo ninayoipendekeza kwa nyumba yenye watoto. Unaichomoa kwenye televisheni na kuendelea na mchezo mkononi, pedi zake mbili ndogo zinatosha watu wawili, na gemu za Nintendo zenyewe zimetengenezwa ili watu wakae pamoja. Mitego yake ni mitatu, na yote humpata zaidi mnunuzi wa kwetu anayeagiza kupitia Dubai au kwa mtu anayesafiri.

Mtego wa kwanza, ambao ndio mbaya, ni toleo la Japani. Nintendo inauza huko Switch 2 ya bei nafuu, iliyoanza 2025 kwa yeni 49,980, ambayo menyu zake ni za Kijapani peke yake na inakubali akaunti zilizosajiliwa Japani tu. Kwa sura ni sawa na nyingine. Mpwa wangu aliuziwa moja kwa maelezo kwamba lugha itabadilishwa kwenye mipangilio, na muuzaji hakupokea simu tena. Kabla ya kulipa, iwashwe mbele yako na uone Kiingereza kwenye menyu. Mtego wa pili ni kadi za gemu. Baadhi ya vijisanduku vya Switch 2 vina kadi yenye ufunguo tu, na gemu lenyewe linapakuliwa intaneti. Vingine, kama cha Cyberpunk 2077, vina gemu zima ndani ya kadi ya GB 64. Tofauti imeandikwa mbele ya kijisanduku, na asiye na intaneti ya uhakika anapaswa kuisoma kabla ya kitu kingine chochote. Mtego wa tatu ni memori kadi: Switch 2 haihifadhi gemu kwenye microSD za kawaida, inataka microSD Express, ambazo ni ghali na bado ni adimu madukani. Kwa familia yenye bajeti finyu, Switch ya kwanza, hasa ya OLED ya 2021, bado ni zawadi ya maana, na microSD za kawaida inazipokea bila shida.

PlayStation Portal nitaipita haraka. Kimsingi ni kioo cha inchi 8 kinachoonyesha mchezo unaoendeshwa na PS5 yako kupitia Wi-Fi. Katika nyumba yenye ruta nzuri inapendeza. Kuicheza kwa kutegemea mitambo ya mbali ya Sony badala ya PS5 yako kunahitaji usajili wa PlayStation Plus Premium, na huduma hiyo haijafunguliwa rasmi kwa nchi zetu. Akaunti za PlayStation zenyewe watu wa Kenya na Tanzania huzifungua kwa kuchagua nchi nyingine, jambo ambalo limezoeleka kiasi kwamba tumesahau ni dosari. Mei 2024 Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti zake, gemu hilo liliondolewa kwenye duka la Steam katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma ya akaunti hizo. Ukifungua akaunti, chagua nchi moja na ubaki nayo, kwa sababu kadi za malipo, gemu na hata nyongeza za gemu hufuata nchi ya akaunti.

Vipi basi kuhusu kusubiri? Novemba 2025 Valve ilitangaza Steam Machine, konsoli ya sebuleni yenye umbo la mchemraba mdogo wa takriban sentimita 16, inayotumia SteamOS ileile ya Deck. Walipoitangaza walisema itatoka mapema 2026, bila kutaja bei. Microsoft ilieleza Juni 2025 kwamba inashirikiana na AMD, watengenezaji wa prosesa, kutengeneza Xbox za kizazi kijacho, za sebuleni na za mkononi, zitakazoendelea kucheza gemu za zamani. Oktoba mwaka huohuo Mark Cerny, mbunifu mkuu wa konsoli za Sony, alizungumza pamoja na AMD kuhusu teknolojia ya konsoli itakayokuja baada ya miaka michache. Nafurahia kusoma habari hizo kama mpenzi yeyote wa gemu, lakini kati ya zote tatu inayonishawishi kumwambia mtu asubiri ni Steam Machine pekee, na hata hiyo ni kwa mtu mwenye maktaba kubwa ya Steam na asiyehitaji FC, kwa sababu kikwazo cha SteamOS kinaifuata mpaka sebuleni.

Wapo wanaosubiri kwa hoja tofauti: kizazi kipya kikitoka, cha sasa kitashuka bei. Hoja hiyo tuliirithi kutoka zama za PlayStation 2, iliyoanza kwa dola 299 mwaka 2000 na kufika dola 99 mwaka 2009. Siku hizi bei zinapanda. PS5 yenye diski ilianza Novemba 2020 kwa dola 499.99, na Agosti 2025 Sony ikaipandisha Marekani hadi dola 549.99. Xbox Series X, iliyoanza kwa bei hiyohiyo ya 499.99, ilipandishwa mara mbili ndani ya 2025 mpaka dola 649.99. Anayesubiri mashine mpya ishuke bei huenda akasubiri huku inamkimbia. Pa kupata nafuu ni kwenye zilizotumika.

Ukinunua iliyotumika, nenda mchana na ukae nayo. Washa mashine, ingia kwenye menyu, kisha ondoa vidole kwenye vijiti vya pedi na utazame kama kuna kinachosogea chenyewe. Joy-Con, yaani pedi ndogo za Switch ya kwanza, zina sifa mbaya kwa ugonjwa huo, na kijiti kikishaanza hakiponi kwa kupulizwa vumbi. Ingiza diski au kadi na ucheze mpaka kioo kipate joto. Hakikisha mwenye mashine amejitoa kwenye akaunti yake mbele yako. Kwa Switch 2 beba intaneti ya simu yako na uiunganishe na duka la Nintendo palepale, kwa sababu mashine iliyowahi kuchezea gemu za wizi inaweza kuwa imefungiwa huduma za mtandaoni na Nintendo, na kifungo hicho kinabaki kwenye mashine hata ikifutwa na kubadilishwa akaunti. Muuzaji akikataa kuiunganisha, ondoka na pesa yako.