Anaimba "ba be bi bo bu" lakini "bubu" hasomi

Uliyeuliza kuhusu mtoto wa darasa la pili anayetiririka ba-be-bi-bo-bu lakini ukimwandikia "bubu" anakwama: huyo hajasoma, amekariri wimbo wa kwenye chati. Mpime. Ziba chati, mwonyeshe "bo" peke yake. Akinong'ona "ba, be, bi..." mpaka aifikie, umeshapata jibu.

Kata kadi 25 za maboksi: irabu tano, na silabi za m, k, t, l. Zichanganye, usizipange kamwe kwa mfuatano wa a-e-i-o-u. Aunganishe mbili mbili: meli, kata, kilo, mate. Dakika 15 kila siku zinatosha. Tumia sauti, si jina la herufi, maana "em" na "a" haviungani kuwa "ma". B na d usizifundishe wiki moja, ni umbo lilelile limegeuzwa. Mb, nd na ng' zisubiri.

Kwenye hesabu nako, mtoto kuandika 304 badala ya 34 si uzembe. Anasikia "thelathini na nne", anaandika 30, halafu 4. Mpe njiti 34 azifunge kumi kumi kwa rababendi: mafungu 3, njiti 4 zimebaki. Afunge mwenyewe (walimu wengi huja nayo yameshafungwa, na hapo ndipo somo linapotea). Kisha mwambie atoe 8. Njiti 4 hazitoshi, itabidi afungue fungu moja, na ndipo "kukopa" kunapoanza kumwingia.

Darasa la watoto 90? Wagawe kwa kiwango: wa herufi, wa silabi, wa maneno.