Mishipa ya Kichwa cha Paka: Weka Kando Ramani ya Mbwa

Wanafunzi wa vetenari huniuliza mara kwa mara waanzie wapi wakitaka kupiga picha za mishipa ya damu ya paka, na karibu wote huja wamebeba michoro ya mbwa. Jibu langu halibadiliki: anza na kichwa, na mchoro wa mbwa uache mezani.

Ubongo wa mbwa hupata sehemu kubwa ya damu kupitia ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) iitwayo karotidi ya ndani, inayopanda kutoka shingoni hadi ndani ya fuvu. Paka naye huzaliwa nayo, ila kipande kilicho nje ya fuvu husinyaa na kuziba angali mdogo, kikabaki kama uzi tu. Kwa paka mkubwa kazi hiyo hubebwa na ateri ya maksila, yaani ya taya la juu. Hupita karibu na taya la chini, ikifika nyuma ya jicho hutawanyika kuwa wavu wa vijiateri, na kutoka hapo damu huingia ndani ya fuvu. Kwa hiyo ukiitafuta karotidi ya ndani kwenye picha ukaikosa, usiilaumu mashine.

Kabla ya mashine, fanya kwa mkono. Tumia mzoga wa paka aliyekufa karibuni, kwa idhini ya mwenye paka. Ingiza kanula (mrija mwembamba) kwenye karotidi kuu za shingoni, pande zote mbili, suuza kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu mpaka yanayotoka kwenye vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) za shingo yawe safi, ndipo uingize lateksi nyekundu, yaani mpira wa maji. Ukitaka eksirei, tumia bariamu, unga unaoonekana mweupe kwenye picha, iliyochanganywa na jelatini ya moto, kisha uweke mzoga kwenye baridi igande.

Hapa naomba utulie. Sukuma bomba la sindano polepole, na usikilize kidole gumba. Kikianza kukutana na ukinzani, simama, subiri kidogo, endelea. Ukilazimisha, mishipa midogo hupasuka, bariamu inavuja kwenye nyama na kuacha doa jeupe nyuma ya jicho, mahali pale pale pa wavu. Nimeona watu wenye elimu nzuri wakilishangilia doa hilo wakidhani ndio wavu. Wavu wa kweli una nyuzi: chagua mmoja uufuate kwa jicho, utakupeleka mahali. Doa halikupeleki popote.

Kwa paka hai, siti skani (CT, eksirei inayopiga picha za vipande vipande) ndiyo bora. Paka analazwa usingizi, anapewa dawa ya iodini, inayofanya mishipa ing'ae kwenye picha, kwenye vena ya mguu wa mbele, kwa kawaida kama miligramu 600 za iodini kwa kila kilo ya uzito. Ateri hujaa ndani ya sekunde chache tu, na ukichelewa vena nazo zinang'aa, kila kitu kinachanganyika. Nyoosha kichwa pande zilingane.

Na mdomo usiutanue kupita kiasi. Hili ndilo linalonifanya niandike. Mdomo wa paka ukifunguliwa sana, ncha ya nyuma ya taya la chini husogelea kifuko cha mfupa cha sikio la kati, na ateri ya maksila inabanwa katikati. Mwaka 2012 ilichapishwa ripoti ya paka 20 waliopofuka baada ya usingizi wa dawa. 16 kati yao walikuwa wametanuliwa mdomo kwa kifaa. Wengi walirudi kuona, si wote. Mbwa ana njia nyingine ya kupeleka damu kwenye ubongo, paka mkubwa hana ya kutegemewa namna hiyo.

Kwa hiyo ukipata nafasi, piga picha mdomo ukiwa umefungwa, halafu ukiwa wazi kiasi, ulinganishe ateri pande zote mbili. Na ukiitwa kusafisha meno ya paka, kile kitanuzi cha springi kiache kabatini. Tumia kipande kifupi cha plastiki, na ukitoe kila unapopumzika ili mdomo ufunge.