Maswali Yenu: Sona ya Bei Nafuu kwa Boti Ndogo

SWALI: Nina boti ya faibaglasi ya mita 5 yenye injini ya nguvu za farasi 15. Navua kwenye kina cha mita 10 hadi 40, ni nadra kuvuka hapo. Fedha niliyonayo inatosha sona moja ndogo tu, yaani mashine ya kutafuta samaki kwa sauti. Nitazame nini kwanza, ukubwa wa skrini au wati? – M. S.

JIBU: Anza na transdusa, ndugu M. S., yaani kile kichwa kinachozama majini. Ndicho kinachopiga sauti na kupokea mwangwi. Skrini huonyesha tu kilicholetwa. Soma masafa yake, yaani idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde (kilohezi moja ni mitetemo elfu moja). Kilohezi 50 hushuka mbali sana, lakini picha yake haina undani na kwa kina chako huihitaji. Kilohezi 200 hutoa picha safi na hufika mita 40 bila taabu. Mashine nyingi za bei ya chini huja na 77 au 83 pamoja na 200, na hizo zinakutosha kabisa. Zile za 455 na 800 huchora miamba na magogo vizuri mno, ila sauti ya masafa ya juu humezwa haraka, na maji ya chumvi huimeza zaidi kuliko maji baridi. Usiitegemee hiyo peke yake.

Sauti hutanuka kadiri inavyoshuka, kama mwanga wa tochi. Transdusa yenye pembe ya nyuzi 20, kwenye kina cha mita 10, huona duara lenye upana wa mita 3 na nusu tu. Kwenye mita 40 upana unafika 14. Ile ya nyuzi 60 huona mita 11 na nusu kwenye kina hicho hicho cha mita 10. Upana huo unakusaidia kujua kuwa samaki wapo, lakini si kwamba wako chini yako hasa. Ndiyo maana mashine inayokupa pembe zote mbili, nyembamba na pana, ina faida.

Kwenye wati kuna mtego. Boksi moja litaandika wati 1,600, jingine 200, kumbe nguvu ni ile ile: ya kwanza imepimwa kutoka kilele hadi kilele, ya pili ni RMS, yaani nguvu ya wastani. Gawanya ile kubwa kwa 8 ndipo ulinganishe. Wati 200 za RMS zinatosha kwa uvuvi wako.

Skrini isikuvutie kwa inchi zake, hesabu pikseli za wima, yaani nukta za picha kutoka juu hadi chini. Mita 40 zikigawanywa kwenye pikseli 240, kila pikseli inabeba karibu sentimita 17, na samaki aliyetulia karibu na sakafu ataonekana kama sehemu ya sakafu. Kwa pikseli 480, ni kama sentimita 8 tu. CHIRP, inayopiga mfululizo wa masafa badala ya moja, nayo hutenganisha samaki waliokaribiana. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, ilipie. GPS pia, hata isiyo na ramani, kwa sababu mwamba wenye upana wa mita chache haurudiwi kwa kukisia.

Kwa mfano, Garmin Striker 4 ina skrini ya inchi 3.5, CHIRP na GPS ya kuweka alama. Humminbird PiranhaMAX 4 ina inchi 4.3 na masafa ya 200 na 455, bila GPS. Sisi tungekuchagulia ya kwanza, ingawa skrini yake ni ndogo. Na tafadhali, usinunue kwa kutazama picha inayotembea dukani. Hayo ni maonyesho yaliyohifadhiwa ndani ya mashine. Hakuna maji wala samaki.

SWALI: Boti ikienda polepole picha ni safi. Nikiongeza kasi inajaa mistari na kina kinasomeka ovyo. Fundi anasema mashine imekufa. – Msomaji

JIBU: Usiitupe bado. Funga boti mahali penye maji ya kutosha, washa injini bila kuingiza gia, kisha ongeza mafuta kidogo kidogo. Mistari ikitokea hali boti imesimama, tatizo ni umeme wa injini. Isipotokea, tatizo ni viputo vya hewa vinavyopita chini ya transdusa ukiwa kwenye mwendo, maana hewa huizuia sauti.

Kama ni viputo, kagua ilipofungwa. Iwe kwenye ubao wa tezi (nyuma ya boti), angalau sentimita 40 kutoka kwenye propela, upande ambao mapanga yake yanashuka. Isikae nyuma ya mbavu za chini ya boti wala tundu lolote. Uso wake utokeze milimita 3 hivi chini ya sakafu ya boti ya faibaglasi, na kama milimita 10 kwa boti ya alumini. Ikiwa juu mno inapigwa na povu. Ikiwa chini mno inarusha maji na inaweza kung'oka. Shusha kidogo, jaribu, kisha shusha tena. Matundu ya skrubu yajaze gundi ya kuzuia maji ya boti kabla ya kukaza, la sivyo maji yataanza kuingia kwenye ubao.

Kama ni umeme, ipe sona betri yake. Betri ya risasi ya volti 12, ampea-saa 7, ikilisha mashine inayokula nusu ampea, itakupa saa 7 hivi kabla ya kushuka nusu, na usiishushe zaidi ya hapo. Weka fyuzi (nyingi hutaka ya ampea 3, ila fuata kitabu chake) kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Waya wa transdusa upite mbali na nyaya za injini. Ukizidi urefu ukunje, usiukate.

SWALI: Mtumbwi wangu ni wa mbao na hauna injini. Ile sona ya mpira inayoelea na kusomwa kwa simu inafaa? – A.

JIBU: Inafaa maji yaliyotulia. Mawimbi ya redio hayapenyi maji, kwa hiyo mpira ukifunikwa na wimbi picha hukatika. Simu nayo husomeka kwa shida juani, na una betri mbili za kuchunga. Kwa siku nzima ya uvuvi, sona ya kawaida yenye transdusa iliyofungwa kwenye mti ubavuni, kichwa kikizidi sakafu ya mtumbwi kwa sentimita 10 na kutazama chini wima, itakuhudumia vizuri zaidi. Usiigundishe ndani ya mtumbwi: mbao ina hewa ndani yake, sauti haitapita.

SWALI: Skrini imejaa picha za samaki, mshipi hauguswi! – Mvuvi

JIBU: Zima alama za samaki. Mashine huchora samaki kwa kila mwangwi unaoelea, hata viputo na majani. Kwenye picha halisi, samaki anayepitwa na boti huacha upinde. Ukiwa umetia nanga naye ametulia, huacha mstari ulionyooka. Kisha pandisha usikivu hadi vijidoa vijae skrini, na uushushe taratibu mpaka vingi vitoweke.