Pampu ya pumu: polepole, si kwa kasi
Dada, umeuliza kama mama avute dawa ya pampu yake ya pumu kwa nguvu: hapana, asivute hivyo. Pampu ya kubonyeza inataka pumzi ndefu ya taratibu: atoe hewa kwanza, aanze kuvuta, abonyeze papo hapo, aendelee kuvuta kwa sekunde 4 au 5, kisha azuie pumzi hadi sekunde 10 akiweza. Akivuta kwa kasi, matone ya dawa yanagonga nyuma ya koo na kubaki hapo, hayafiki kwenye vijia vidogo vya mapafu. Kuzuia pumzi kunayapa muda wa kutua.

Mimi ni muuguzi, kliniki huku Masasi. Msimu wa kupulizia salfa kwenye mikorosho wanatujia wengi wanahema haraka haraka, na hao ndio dawa inawaishia kooni. Mtu aliyebanwa hivyo usimlazimishe kuzuia pumzi, jamani! Mpe dawa kwa chemba, yaani kile chombo cha plastiki kinachokaa kati ya pampu na mdomo. Huna? Chupa ya plastiki ya nusu lita, itobolewe kitako tundu la kubana mdomo wa pampu bila kuvujisha hewa. Utafiti wa Afrika Kusini wa 1999 kwa watoto wenye pumu ulionyesha inafanya kazi sawa na chemba ya dukani. Mbonyezo mmoja, ahemee humo mara 5 au 6, ndipo mwingine.

Ila kama pampu ya mama ni ya dawa ya unga, ni kinyume: hiyo avute kwa nguvu tangu mwanzo, maana pumzi yake ndiyo inayoutawanya unga.